Habari za Mbao Nyekundu za Usambara, na Samani Zilizofichwa na Rangi

Katika nyumba nyingi za walimu na wachungaji, kutoka Soni hata Mlalo, hakikosekani chombo kimoja cha mbao ambacho hapana ajuaye kilitoka wapi. Labda ni kabati la vitabu, labda ni meza ya sakristia, labda ni benchi refu lililotolewa kanisani siku mabenchi mapya yalipoletwa. Rangi yake ni nyeusi au kahawia nzito, droo zake hazifunguki wakati wa mvua, na mzee akiulizwa hujibu neno moja tu, "Hicho ni cha tangu Wadachi." Mimi nami nalikuwa nikijibu vivyo hivyo mbele ya wanafunzi wangu kwa miaka mingi, hata kabati moja lilipokuja kunitia haya.

Kabati hilo lilikuwa katika shule niliyofundisha. Lilikuwa na milango miwili, nalo lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi: juu kahawia, chini yake kijani, chini yake nyeupe, na chini kabisa kitu cheusi king'aacho kama lami. Kamati ya shule ilipatana kulipeleka kwa seremala alikwangue na kulitia rangi nyekundu, lipate kulingana na viti vipya. Shauri hilo lilinipendeza, na barua ya kazi nalimwandikia mimi. Seremala alikuwa mtu mwema, mwenye bidii. Alianza na mlango wa kushoto, akaulaza katika pipa lililopasuliwa, lenye maji ya moto na magadi makali yale yatumikayo kupikia sabuni, kisha akausugua kwa brashi ya waya. Nilipofika siku ya tatu, jambo la kwanza lililonipokea ni harufu. Ilikuwa harufu ya penseli ichongwayo, nayo ilijaa uwanja mzima.

Mlango ulikuwa safi kweli, lakini haukuwa mwekundu. Ulikuwa mweusi kama kaa lililolowa, na viungo vyake vilikuwa vikicheza, kwa kuwa gundi ya kale, iliyopikwa kwa ngozi na mifupa, huyeyuka katika maji ya moto. Nikaugeuza mlango wa kulia uliokuwa bado. Upande wake wa ndani haukupata kupakwa rangi kamwe. Palikuwa na mistari ya vipimo, na chini yake maneno ya penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: "na mwanangu. Tumekwisha siku ya Jumamosi." Hapakuwa na mwanzo wa maneno hayo. Bila shaka milango ile ililazwa pamoja juu ya meza ya kazi, na mwandishi alianza katika ule wa kushoto akaishia katika ule wa kulia. Jina la baba lilikuwa katika mlango wa kushoto. Nalimwuliza seremala kama aliona maandishi. Akasema, "Mwalimu, niliona uchafu wa penseli nikautoa." Sikuweza kumlaumu, maana barua yangu ilisema milango isafishwe pande zote mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichungulia nyuma ya makabati na chini ya meza za watu, nao wamenizoea. Haya niyaandikayo ni machache niliyoyakusanya, nikiyalinganisha na habari za misitu yetu na za misheni zetu.

Kwanza neno lenyewe. Husemwa "mbao nyekundu" kana kwamba ni mti mmoja, nalo ni jina la kupotosha mahali pote duniani. Marekani mti mwekundu ni ule mkubwa mno wa California, uitwao sequoia. Nao wauza mbao wa Uingereza huuita mwekundu msunobari wa Ulaya ya kaskazini, ambao kwa macho yetu ni mweupe mweupe. Huku Usambara watu huita nyekundu mbao za miti miwili isiyo na udugu wowote, yaani mwangati na mkulo. Mwangati ndio Waswahili wengine waitao mwerezi au mtarakwa. Humea juu, katika upande mkavu wa milima, hasa Shume, na mbao yake ikipigwa randa ni nyekundu yenye zambarau kidogo, tena nyepesi, yenye kupasuka kwa unyofu, na mchwa haipendi. Mkulo hupenda unyevu na ukungu wa Magamba. Mbao yake ikiwa mbichi hunuka kafuri, na rangi yake mwanzoni ni manjano ya kahawia, kisha hukolea mwaka hata mwaka. Kwa hiyo mkulo mzee na mwangati mzee hukutana njiani: mmoja umepoteza wekundu wake kwa mwanga, mwingine umeongeza weusi wake, na mtu asiye seremala huiona kuwa ni mbao moja.

Njia ya kuitambua ni upana. Mwangati mzee mara nyingi huoza kiini ungali umesimama, ukawa na uwazi ndani kama mzinga, na kwa sababu hiyo mbao zake pana ni adimu. Ukiona ubavu wa kabati umeungwa kwa mbao nne au tano nyembamba, dhani kwamba ni mwangati. Mkulo ni mti mnene ajabu, na ubao mmoja waweza kutosha kuwa uso wa meza. Tena kwangua kidogo mahali pasipoonekana, kisha unuse. Pua haidanganyiki kwa rangi.

Soni kwenyewe hakuna mwangati, wala hakuna mtu akumbukaye kuwapo. Soni ni mlango tu. Vitu vyote vilivyopanda kutoka Mombo kwenda Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, vilipita hapa kando ya maporomoko ya maji, na vilivyoshuka vilipita hapa vilevile. Reli ya Wadachi, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kabla ya reli, ubao uliopasuliwa Usambara ulikuwa wa Usambara tu, kwa sababu hapana faida ya kuuchukua kichwani hata pwani. Baada ya reli misitu ya juu ikawa mali ya watu wa mbali. Viwanda vya penseli vya Ulaya vilikuwa vikitumia mwerezi wa Marekani, na mwerezi huo ulianza kuwa haba. Ndipo ilipoonekana kwamba mwangati wetu ni ndugu yake, wachongeka vilevile, wanuka vilevile. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga kiwanda cha kupasua mbao huko Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow, na kabla ya vita vya 1914 magogo na mbao vilikuwa vikishuka kwa kamba ya chuma iliyotundikwa hewani, kazi ya Adolf Bleichert wa Leipzig, kutoka ukingo wa mlima hata stesheni ya Mkumbara bondeni. Mtu aliyesimama Mkumbara na kutazama juu aweza kupima mwenyewe ni kazi ya namna gani.

Basi yule seremala aliyeandika kwa penseli katika mlango wa mwangati, yamkini penseli yake ilikuwa mwangati pia, imekwenda Ulaya na kurudi. (Wazee wetu waliita penseli kalamu ya risasi, ijapokuwa ndani yake hamna risasi hata chembe.)

Serikali ya Wadachi yenyewe iliona hatari, ikatoa amri ya kuhifadhi misitu mwaka 1904. Lakini amri ya kuhifadhi ilimzuia mwenyeji mwenye shoka kuliko ilivyomzuia mwenye kiwanda. Naandika hivi bila uchungu, maana jambo lenyewe limekwisha, nayo miti haikurudi.

Sasa kuhusu mafundi. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, wakajenga Vuga mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Lutindi ilianza mwaka 1896, nao Watrapisti walifika Gare mwaka 1897. Kila mahali penye misheni hapakuwa na budi kuwa na seremala, kwa kuwa nyumba ya Mzungu yataka milango, madirisha, vitanda, makabati, na shule yataka mabenchi. Kabla ya hapo Wasambaa walijua sana kuchonga. Walichonga vigoda, vinu, mizinga, na milango, kila kitu kutoka katika pande moja la mti. Kuunganisha mbao kwa ulimi na tundu, kupiga randa, na kufanya droo yenye kuteleza ulikuwa ustadi mgeni, nao uliingia upesi. Vitabu vya misheni vimetunza majina ya wamisionari, tarehe zao za kuja na kuondoka, hata majina ya wake zao. Majina ya maseremala nimeyatafuta humo, na niliyoyaona hayafiki hesabu ya vidole vya mkono mmoja. Lakini chini ya meza na nyuma ya droo nimesoma majina kumi na mawili hata leo, mengine yenye mwaka, mengine yenye jina la kijiji, na moja lenye hesabu ya deni la chumvi.

Nalitazama pia maneno ya kazi hiyo, maana lugha nayo huweka kumbukumbu. Meza ni neno la Kireno, lilifika pwani muda mrefu kabla ya misheni. Lakini msasa ni letu. Msasa ni mti wa jamii ya mkuyu, ambao majani yake makavu yakwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi waliyatumia kulainisha mbao na pembe, na karatasi ya mchanga ilipokuja madukani ikarithi jina la jani. Ngeu nayo ni udongo mwekundu wa seremala. Huuloweka, huupitisha uzi ndani yake, huuvuta uzi juu ya ubao na kuuachia, ukaacha mstari mnyofu. Ngeu ile haifutiki upesi. Nimeiona chini ya benchi la kanisa, nyekundu kama ilipigwa jana. Na watu husema kupaka rangi na kutia rangi kana kwamba ni mamoja, nayo si mamoja. Rangi iliyopakwa hukaa juu na kuficha ubao. Rangi iliyotiwa huzama, na mishipa ya mbao huonekana bado. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo historia yote ya vyombo vyetu baada ya Wadachi.

Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Wilhelmstal. Wamisionari wa Kidachi waliondoshwa nchini mwaka 1920, wakaanza kurudi miaka mitano baadaye, na vita vya pili vilipotokea walitiwa kizuizini tena, nao Walutheri wa Marekani wakaja kusaidia. Katika nafasi hizo waliolinda makanisa, nyumba, na vyombo ni walimu na wazee wa huku. Mashamba ya Wadachi yaliuzwa kama mali ya adui, na vitu vya nyumbani vikatawanyika, ndiyo sababu kabati la mkulima wa kahawa laweza kuonekana leo katika nyumba ya mwinjilisti. Wenyewe wapya walipaka rangi juu ya vitu walivyovipata. Sidhani ni kwa kuchukia Wadachi, kama wengine wasemavyo. Chombo kilichopakwa nyeupe huonyesha uchafu, na mwenye kusimamia shule au zahanati hupenda kuuona uchafu.

Kutia rangi nyekundu kulikuja kwa njia nyingine. Mwangati ulipopungua, mafundi walishika mbao nyeupe za podo, na kisha mbao za miti iliyopandwa na Idara ya Misitu, misaiprasi na misunobari ya Shume, pamoja na migrivea ya kivuli cha kahawa. Lakini macho ya wanunuzi yalikuwa yamezoea wekundu. Tena Waingereza walikuwa na mapenzi ya zamani kwa mkangazi, hata kwao Ulaya mbao nyeupe zilikuwa zikitiwa rangi zifanane nao. Seremala wa Usambara alifanya alivyoweza: alitumia pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, ambayo juu ya ubao hugeuka kahawia, alitumia ngeu iliyochujwa, na aliyekuwa na jamaa pwani alipata maganda ya mikoko. Juu yake alipaka lakiri ya Bara Hindi iliyoyeyushwa kwa spiriti. Kazi ilikuwa nzuri. Hata hivyo msunobari una siri moja ambayo rangi huifichua: sehemu laini ya ubao, iliyo nyeupe zaidi, hunywa rangi nyingi kuliko sehemu ngumu, na mistari ya mti hugeuka kinyume, penye weupe pakawa peusi. Ukiona meza nyekundu yenye mistari ya namna hiyo, basi umeona ubao mweupe uliovikwa.

Jambo la ajabu ni kwamba hatimaye mwangati wa kweli ulianza kutiwa rangi ufanane na msunobari uliotiwa rangi ili ufanane na mkangazi. Ndivyo tulivyotaka kulifanyia kabati letu.

Kwa kuwa wasomaji wengi wanavyo vyombo hivi, na jubilei za sharika hazikomi, nitasema nilivyofundishwa baadaye na mzee mmoja seremala wa upande wa Bumbuli, ambaye mikono yake imeshika kazi hii tangu ujana. Yeye haanzi na uso wa chombo. Huondoa droo kwanza, hukilaza chombo kifudifudi, hutazama nyuma na chini, na penye maandishi huyanakili juu ya karatasi kabla ya kufungua chupa yoyote. Kisha hujaribu. Kitambaa chenye spiriti kikilainisha mng'ao, ni lakiri, nayo hutoka kwa spiriti hiyohiyo na subira, bila kuumiza ubao wala alama ya penseli. Kisipoilainisha, ni vanishi ya mafuta au rangi, nayo hukwanguliwa kwa bamba la chuma au kipande cha kioo, kufuata mishipa ya mbao, kidogo kidogo. Magadi makali hayataki karibu na mwangati wala mkulo, kwa kuwa hutia weusi na kulegeza gundi. Pamba ya chuma nayo haitaki, maana vipande vyake vidogo hubaki katika vinyweleo vya mbao, na unyevu ukija hufanya madoa meusi. Msasa mkavu juu ya rangi za zamani ameuacha kabisa tangu alipoambiwa kwamba rangi nyingi za kale, hasa nyeupe na nyekundu, zilikuwa na risasi ndani yake. Vumbi lake ni sumu, na kwa watoto ni sumu zaidi. Rangi hizo huloweshwa kwanza, na makombo hukusanywa na kuzikwa mbali na maji. Mwalimu asiwape wanafunzi kazi hii kama adhabu. Nimeona ikifanywa.

Na rangi nyekundu je? Mzee yule alicheka nilipomwuliza. Alichukua kitambaa chenye mafuta kidogo akapitisha juu ya kipande cha mwangati kilichokwanguliwa, na wekundu ukapanda wenyewe kama moto upuliziwao. Podo na msunobari anavitia rangi bila kuona vibaya, na humwambia mnunuzi. "Lakini huu," alisema, "ukiutia rangi umeusingizia."

Katika miaka ya 1980 Serikali ilizuia ukataji wa miti ya asili katika misitu ya milima hii, na mwangati mkubwa sasa waonekana katika hifadhi tu, na katika vyombo. Mbao zilizomo katika makabati ya makanisa yetu haziwezi kupatikana tena kwa fedha. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuzitunze. Mimi hunisumbua zaidi yale majina.

Kabati letu lilirudi shuleni. Mlango wa kulia, uliokwanguliwa upande wa nje tu, ni mwekundu. Wa kushoto ni mweusi, nao haukukubali dawa yoyote, hata siki. Wageni huuliza kwa nini hatukuusawazisha kwa rangi. Nimebandika ndani karatasi yenye kueleza lililotukia, na nimewauliza wazee wa vijiji vitatu kuhusu seremala aliyefanya kazi na mwanawe zamani hizo. Nimepewa majina manne. Moja lao lilitajwa na bibi mmoja ambaye baba yake, alisema, alikuwa akirudi nyumbani kila jioni akinuka penseli, naye alipokuwa mtoto alidhani ndiyo harufu ya baba wote. Bado sijapata kujua kama ndiye.